Goroli, Risasi ya Ncha na Kanga ya Mama Yako Mdogo

Madale,
Dar es Salaam.
Jumapili, 10 Novemba 2024

Mpendwa mwanangu Lusungu,

Marahaba naitanguliza mwenyewe, maana najua ungekuwa hapa ungeniamkia kabla hujaweka begi chini. Hamjambo huko Ohio? Baridi imeshaanza kuwauma? Na Tekla mdogo ameota meno mangapi sasa? Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Goti la mama yako mdogo linamsumbua akipanda kilima, lakini mdomo hauna hata mafua, na ndio unaoendesha nyumba hii.

Vuli imeanza kwa fujo. Barabara ni tope tupu, bodaboda wanatushusha chini pale dukani kwa Marijani, tunapanda wenyewe viatu mkononi. Mchicha umestawi. Kuku wanne wameliwa na kicheche, wa tano tukamla sisi kabla hajarudi.

Utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Elinaza, binti wa jirani yetu, anarudi chuoni huko kwenu Jumamosi, na nimempa kifurushi akuletee. Usikifungue kwanza. Nisome mpaka mwisho, nakujua wewe na haraka zako.

Sasa swali lako. Umeniambia wenzako wa kazini wamekuingiza kwenye uwindaji wa gobore, umenunua lako, na unataka kujua kipi bora, goroli au risasi ya ncha. Mwanangu, ulinifurahisha mno. Siku hizi hakuna anayeniuliza kitu isipokuwa rimoti iko wapi.

Goroli ndiyo niliyokulia nayo kule Chunya. Babu yako aliyeyusha risasi ya betri za magari mabovu, akaimimina kwenye kalibu ya chuma, ikatoka ya mviringo inayong'aa. Ni nyepesi, inaondoka kwa kasi, na bega lako halitalalamika. Kwa mnyama aliye karibu, hatua hamsini au sitini, inatosha kabisa. Ukiitaka ifike mbali inachoka njiani, na upepo unaichezea. Tena haiendi uchi. Lazima uivike kitambaa chenye mafuta, ndipo uishindilie kwa mdeki, ule ufito wa kusukumia, mpaka ikae juu ya baruti, imebana.

Ya ncha ni ndefu na nzito. Inafika mbali, inazama ndani, na inakupiga bega kama deni la zamani. Haitaki kitambaa. Ila inataka mtutu wenye mifereji inayozunguka kwa haraka ndani yake. Kama mifereji ya lako inazunguka polepole, hilo ni la goroli. Na kama mtutu ni laini kama bomba, kama lilivyokuwa la babu yako, basi risasi ya ncha inatoka ikipinduka pinduka, huku mnyama anakutazama tu. Kwa hiyo chungulia mtutu kwanza, ndio utakaokujibu.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini mwisho wa ujumbe wako uliandika hivi: "Naona bora ya ncha Baba Mdogo, haina usumbufu wa kitambaa, najitegemea mwenyewe." Niliisoma mara tatu. Wewe umezaliwa mjini, labda hukuambiwa kitambaa cha gobore kwetu kilitoka wapi.

Kilitoka kwenye kanga ya mke, na mke alikikata kwa mkono wake. Mwanamume hakuruhusiwa kugusa mkasi. Mkiwa mmenuniana huingii porini siku hiyo, kwa sababu huna kitambaa. Nimemwona babu yako, mtu mzima mwenye ndevu, akichota maji kisimani siku mbili nzima ili bibi yako alainike. Nyama ilichelewa, lakini hakuna aliyeingia porini na kinyongo na baruti kwa pamoja.

Loveness alimpigia simu mama yako mdogo juma lililopita. Hakukushitaki, mkeo ana adabu. Alisema tu kwamba mnapishana mlangoni kama wapangaji, kwamba yeye alitaka mje nyumbani Krismasi mtoto abatizwe huku, na wewe likizo yako umeiweka kwa ajili ya siku zile chache za gobore mwezi Januari. Alisema anafikiria kuja na mtoto peke yake, na tiketi ya kurudi hajaiulizia. Hapo mama yako mdogo akakaa chini.

Kwa hiyo nakuambia jambo ambalo mpaka juzi sikuwahi kumwambia mtu. Vidole vyangu viwili vya mkono wa kushoto, unajua vilikatwa na gobore la babu yako lililokuwa bovu. Hivyo ndivyo mlivyoambiwa wote. Ni uongo, na uongo huo ni wangu.

Mwaka 1983 tulikuwa na miezi saba ya ndoa. Tuligombana na Yustina, mama yako mdogo, usiku, kwa jambo dogo ambalo leo hata silikumbuki. Alfajiri nikaamka na hasira zangu. Rafiki yangu Sebastian alikuwa amenipa risasi tatu za ncha. Nikajisemea, leo simwombi mtu kitambaa. Nikaondoka.

Nilitembea na mtutu umeangalia chini, kama nilivyozoea na goroli. Goroli iliyobanwa na kitambaa haiendi popote. Ile ya ncha ililegea, ikateleza taratibu kuelekea mdomoni, ikaacha nafasi kati yake na baruti, na nafasi hiyo ndiyo hatari yenyewe. Sikurudisha mdeki kupima. Nilipoona ngiri nikafyatua, na mtutu ukapasuka mkononi mwangu. Wengine hufa kwa hasira zao, mimi nilipoteza vidole tu.

Babu yako alijilaumu mpaka anaingia kaburini kwamba alinipa gobore bovu. Nilimwacha ajilaumu. Hilo linaniuma kuliko mkono.

Kuna la zaidi. Asubuhi ile Yustina alikuwa amekwisha kukata kitambaa. Aliamka kabla yangu, akakiweka, akarudi kulala. Nilikiona, nikakipita. Aliponiuliza hospitalini, nilimjibu kulikuwa na giza, sikukiona.

Juzi baada ya simu ya Loveness nikamfuata Yustina jikoni, nikamwambia yote. Miaka arobaini na moja nilikuwa nimelificha, mwanangu. Hata hakuacha kupepeta mchele. Akasema:

"Mie nilijua siku ileile, Apolinari. Kitambaa nilikiweka juu ya viatu vyako. Ulivivaaje bila kukitoa?"

Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema, "Ulikuwa ushaadhibiwa. Nikuongeze nini tena?" Nililia, Lusungu. Nasema wazi kwa sababu wewe ni mtoto wangu. Miaka yote hiyo mke wangu aliniosha mkono huu akijua.

Sasa fungua kifurushi. Ni kanga yake ileile, maandishi yamefutika kwa kufuliwa. Pembeni utaona pengo la mraba, ndipo kilipokatwa kitambaa nilichokiacha. Mama yako mdogo amesema umpelekee Loveness, na mkasi utoke kwake. Wewe mkasi usiuguse.

Kama hatakata, usiende. Gobore halina haraka, na ubatizo huo sisi tunaungoja, tumeshamwambia padri. Kama atakata, basi nenda na goroli, ushindilie vizuri, na kabla ya kufyatua pima tena kwa mdeki.

Stanley wetu wa Kigamboni anakusalimu sana, anauliza kama huko wanauza viatu vya namba yake. Shangazi yako Somoe wa Mbezi anakuombea kila sala, ingawa anasema hujampigia tangu Pasaka. Mbusu Tekla. Mungu awatazame mtokapo na mwingiapo, akawakutanishe meza moja.

Na kesho asubuhi, mwanangu, usivae viatu upesi. Angalia kwanza kama kuna kitu juu yake.

Mimi nikupendaye, kwa vidole vinane,
Baba yako mdogo,
Apolinari