Jina la Ombati Ndani ya Mabano

Tata, baba yangu mpendwa,

Naomba barua hii ikukute mzima, na lile goti liwe limepoa. Mama yuko aje? Mvua imefika Nyaramba, ama majani chai bado yanasinyaa? Mimi huku Uskoti niko salama, ingawa baridi inauma hadi kwenye meno.

Sasa nikupe habari. Muhula uliopita mwanafunzi mwenzangu, Callum, alitusomea makala yake kuhusu ndizi zinazoharibika kabla ya kuuzwa. Nikasikia maneno ninayoyajua. Yalikuwa yangu, Tata! Aya nzima ya tasnifu yangu ya uzamili, jinsi akina mama wa soko la Ogembo wanavyohifadhi ndizi, na hakunitaja popote.

Callum anapendwa sana na profesa, nami ni mgeni. Hata hivyo nikainua mkono.

"Aya hiyo umeitoa wapi?"

"Ni maelezo yangu."

"Hapana, niliiandika mimi. Ukinukuu neno kwa neno, unaweka alama za kunukuu, kisha ndani ya mabano jina la mwandishi, mwaka na ukurasa. Hata ukieleza kwa maneno yako, jina lazima ulitaje. Na mwishoni kazi yenyewe unaiweka kwenye marejeleo."

Profesa akafungua tasnifu yangu kwenye tovuti ya maktaba, akasoma polepole.

"Ni ya Moraa," akasema.

Callum akawa mwekundu. Baadaye alinifuata akaniomba msamaha. Alikuwa ameinakili zamani bila kuandika chanzo, akaja kudhani ni yake. Nilimwamini, tukaketi tukarekebisha pamoja.

"Niandike Moraa?" akauliza.

"Kwenye marejeleo tunatumia jina la ukoo. Andika Ombati."

Tata, si watu walikuwa wakikucheka eti una wasichana tu, jina lako litapotea? Makala ilichapishwa jana. Jina lako liko ndani ya mabano, na tena mwishoni, katikati ya wasomi. Anayetaka kujua habari za ndizi zetu sasa anaambiwa aende kwa Ombati. Nililia, nikacheka, nikalia tena.

Nisalimie Mama, shangazi wa Nyakoe, na mzee wa kanisa aliyeniombea nikisafiri. Dada Kerubo nimemtumia ukurasa huo kwa simu. Usikubali akusomee. Vaa miwani, ujisomee mwenyewe.

Binti yako,
Moraa Ombati