Mgeni Niliyemwacha Mlangoni

Mpendwa Dada Akinyi,

Naanza bila kukujulia hali, ingawa shuleni tumefundishwa kwamba barua huanza hivyo. Barua mbili nilizokutumia nyumbani kwenu Ugenya zilianza kwa salamu ndefu, na hazikujibiwa. Hii siitumi kwa posta. Naiandika kwenye kurasa za nyuma za daftari letu, lile kubwa la jalada gumu jeusi, mahali ambapo yeyote aliye katika mchezo wetu wa Mtaa anaweza kuisoma. Nataka waisome. Nimekosa, na kosa lenyewe ni lile ulilonionya nisilifanye.

Nimechoka, dada. Nalisema mapema ili nisilifiche katikati ya maneno mengine.

Unakumbuka siku uliyonipokea? Nilikuwa darasa la tano. Tulikuwa tumehamia Laini Saba juma hilohilo, chumba chetu na chenu vikitenganishwa na ukuta mmoja wa udongo. Nikasikia mtu akicheka peke yake upande wa pili. Nilipokuja kuchungulia nilikukuta umelala kifudifudi kitandani, unaandika. Hukuniuliza jina. Ulisema tu, "Wewe ungependa kuwa nani?" Nikajibu kwamba ningependa kuwa daktari, maana ndivyo tulivyozoea kujibu. Ukatikisa kichwa. "Si ukiwa mkubwa. Leo."

Ndivyo nilivyoujua mchezo. Ulikuwa umebuni ploti ya kupanga, ya vyumba kumi na viwili, katika mtaa usio mahali popote, ukauita Mtaa tu, na kila msichana aliyejiunga alichukua chumba na kujitungia mtu wa kukaa humo. Akishakuwa mtu huyo, anaandika ukurasa mmoja kwa sauti yake, kisha anampa mwenzake daftari, hadi wote waandike na mzunguko utimie. Wewe ulikuwa Kapteni Selina wa namba tisa, rubani wa ndege ndogo kama zile zinazopita juu ya mabati yetu zikielekea uwanja wa Wilson. Mimi, kwa sababu ambayo hadi leo siijui, nilichagua kuwa mzee. Mzee Kufuli, msimamizi wa ploti, mwenye mguu mbovu, hasira za karibu na funguo zote. Ulicheka mpaka mama yangu akagonga ukuta.

Lakini siku hiyo hukunipa kalamu. Ulinikalisha kando yako, tukasoma kutoka ukurasa wa kwanza, kidole chako kikitembea chini ya mistari, ukiigiza kila sauti. Kwa mizunguko miwili kazi yangu ilikuwa kuuliza maswali tu. "Mgeni siku mbili," ulipenda kusema, "siku ya tatu mpe kalamu." Na ndani ya hadithi vilevile, mtu wangu alipokewa langoni kwa kikombe cha chai na kuonyeshwa chumba chake. Kisha ukanipa sheria moja, kwa mdomo. Unaweza kugonga mlango wa mtu wa mwenzio, lakini huwezi kumfungulia mdomo. Kumsemea ni kwa mwenyewe. Nilikuuliza kwa nini sheria hiyo haijaandikwa popote. Ulisema sheria iliyoandikwa mtu huisoma akiwa peke yake, na mgeni hafai kuachwa peke yake.

Nilikuona ukiwapokea wengine namna hiyohiyo, bila kuchoka. Jumamosi ulipokuwa ukimsaidia shangazi yako kuuza mboga kwenye kituo cha Kawangware 56, ulipata wasichana wa huko pia, na daftari likaanza kutembea: juma moja kwetu, juma moja kwao. Tulilibeba kwa miguu, wewe na mimi. Mvua ilipotukuta Dagoretti Corner ulivua sweta ukalifunga daftari, nami nikanyeshewa kando yako. Nilipolalamika ulisema mimi nitakauka, lakini wino ukilowa hufutika.

Halafu baba yako akaachishwa kazi Industrial Area, na mkaamua kurudi nyumbani. Asubuhi ya kuondoka, mama zetu wakifunga magodoro kwa kamba, ulinishikisha daftari kifuani. "Usiache mgeni asimame nje," ulisema. Niliahidi haraka, kwa sababu nilitaka kulia na ahadi ilikuwa fupi.

Tangu siku hiyo nimepokea wasichana kumi na mmoja. Nawakumbuka wote kwa vyumba vyao. Wa namba nne alihama bila kuaga, mwenye nyumba alipong'oa mlango wao kwa deni la kodi. Wa namba saba alichoka kabla ya mzunguko wa pili. Wa namba mbili alikuwa hodari kuliko mimi, lakini mama yake alichana kurasa tatu akawashia jiko, na kwa aibu hakurudi tena. Kumi wa kwanza niliwasomea wote kutoka ukurasa wa kwanza. Nimeigiza sauti zile mpaka nimezichukia. Na kila mmoja, bila kukosa, amefika kwenye chumba chako akauliza mwenyewe yuko wapi.

Sikuwa na ruhusa ya kukusemea. Basi Mzee Kufuli akawa anawajibu kwamba Kapteni Selina yuko angani. Kila mzunguko, angani. Unamkumbuka Khavere wa Gatwekera, ambaye mtu wake ni fundi viatu anayemsengenya kila anayepita? Siku moja aliniuliza mbele ya wote, "Hiyo ndege inakunywa mafuta ya wapi, mwaka mzima?" Walicheka. Mimi pia nilicheka, kidogo.

Mgeni wa kumi na moja ni Njeri, wa darasa la sita, kutoka Kawangware. Babu yake ana ploti huko, na duka la vifaa vya ujenzi. Katika Mtaa alitaka kuwa fundi wa redio, namba tano. Alikuja juma ambalo tulikuwa na mitihani ya majaribio, na nilikuwa nimebeba maji tangu alfajiri. Aliketi karibu nami kwenye ngazi za kanisa tunapokutania, tayari kusikiliza, mikono magotini. Nikamtazama, nikaufikiria ukurasa wa kwanza, nikashindwa. Nilimpa daftari na kalamu pamoja. "Soma mwenyewe," nikamwambia. "Ukimaliza, andika."

Alisoma, dada. Alisoma juma zima, kila neno. Akaona rubani aliyekuwa angani ukurasa baada ya ukurasa, na hakuna aliyemshusha. Akamwonea huruma. Jumamosi iliyofuata tulipolifungua daftari, ndege yako ilikuwa imetua uwanjani nyuma ya ploti. Mzee Kufuli alikuwa amekimbia na mguu wake mbovu kwenda kufungua namba tisa. Nawe ulikuwa umeketi kitandani, umevua viatu, ukasema, "Nimechoka. Nipe maji."

Sijui nikueleze vipi. Nilisoma maneno yale nikasikia sauti yako, na papo hapo nikakumbuka kwamba si yako. Nilichukua wembe wa kuchongea penseli nikakata ukurasa ule mbele ya wote. Nikamuuliza Njeri ni nani amempa ruhusa. Nikaongeza, "Ama unadhani hii ni ploti ya babu yako?"

Khavere alicheka sana, maana sisi ni wapangaji, na utani huo una mahali pake. Njeri alisubiri kicheko kiishe.

"Nilidhani anangojewa," alisema. Akachukua sweta yake akaondoka.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Ya pili pia. Khavere alisema tumwache, wengine watakuja, mgeni haadimiki Nairobi. Lakini mimi nilijua. Wengine walipoondoka, mlango ulikuwa wazi na waliaga au hawakuaga. Huyu nilimwacha nje, kisha nikamfukuza kwa sababu hakujua njia ya kuingia. Asiporudi, sitakuwa nimempoteza mchezaji tu; nitakuwa nimelivunja neno la pekee uliloniachia.

Kwa hiyo Jumamosi ya tatu nililifunga daftari ndani ya mfuko wa unga nikatembea peke yangu hadi Kawangware. Nilimkuta dukani kwa babu yake, anachambua misumari kwa urefu na kuitia kwenye makopo.

"Sasa," nikamsalimu.

"Poa." Hakuinua macho. "Umenifuata mpaka huku unifukuze?"

Nikamwambia nimekuja kumpokea, kwa sababu sikumpokea. Akasogeza makopo. Tuliketi juu ya mifuko ya saruji, nikafungua ukurasa wa kwanza, nikaweka kidole chini ya mstari. Sauti yangu ilikuwa imekauka kwa vumbi la njiani, na Mzee Kufuli alitoka vizuri kuliko siku zote. Babu yake alipita akatusifu kwa kujisomea. Nilimwambia Njeri sheria, kwa mdomo, na nikamweleza mwenye namba tisa ni nani, kwamba ni dada yangu wa ng'ambo ya ukuta na kwamba yuko mbali.

"Atarudi?" akauliza.

Mwaka mzima nimekuwa na jibu. Siku hiyo, juu ya saruji, nilisema, "Sijui." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulisema, na halikuniua.

Nilitoa ule ukurasa niliokuwa nimeukata. Nilikuwa nimekoroga unga wa ngano nyumbani, gundi ya kuurudisha mahali pake. Njeri alikataa. Alisema sasa anaelewa, alikuwa amekufungulia mdomo. Akauliza kama kugonga kunaruhusiwa. Nikamwambia kunaruhusiwa.

Aliuliza maswali yake kwa mizunguko miwili, kama inavyotakiwa. Jumamosi iliyopita nikampa kalamu. Katika ukurasa wake fundi wa redio anafagia mbele ya namba tisa, anagonga mara moja, anangoja kidogo, kisha anaweka jagi la maji kizingitini na kulifunika kwa sahani vumbi lisiingie. Basi. Hajasema lolote kwa niaba yako. Baada yake niliandika mimi. Funguo ni za Mzee Kufuli, kwa hiyo hilo lilikuwa langu kuamua. Amekitoa kitasa cha namba tisa. Mlango umerudishwa tu.

Nimechoka bado. Mtihani wa darasa la nane ni baada ya majuma mawili, na sijui nitaitwa shule gani. Lakini jana kulikuja mgeni wa kumi na mbili, mtoto mwenye kikohozi na maswali mengi. Nilianza kuinuka, Njeri akanizuia kwa mkono. Alimkalisha kando yake akafungua ukurasa wa kwanza. Nilikaa kwenye ngazi nikasikiliza, na sikuwa na kazi yoyote. Nilimsikia akisema, "Mgeni siku mbili." Sauti zake si zako, wala si zangu. Ni nzuri.

Ule ukurasa uliokatwa nimeubana hapa, nyuma ya barua hii. Hakuna atakayeubandika wala kuuchana. Ukifika siku moja, ni wewe tu unayeweza kusema kama ulitua, na kama uliomba maji. Kama hukuomba, jagi liko mlangoni vilevile, na Njeri atayabadilisha maji kila mzunguko.

Mimi, mdogo wako wa ng'ambo ya ukuta.