Siku Tingatinga Lilipogeuka Mtopanga

Ma Mwanaisha,

Tumeshinda! Jana, mahakamani Shanzu, mbele ya watu wote, tumeshinda!

Ngoja, najua. Ungekuwa hapa ungenikata kauli: "Mumbua, salamu kwanza, habari baadaye." Basi shikamoo, Ma. Sisi hatujambo. Mume wangu yuko bandarini bado, zamu zake ni zile zile. Chaani tulihama, sasa tunakaa Mtopanga, nyumba ya tatu kutoka kwako. Wajukuu zako wazima. Cherehani yako ninayo mimi. Binti yako Salma aliniletea baada ya arubaini, akaniambia, "Ma alisema ni yako, na usikatae." Sikukataa. Nililia tu.

Sasa niache nieleze.

Ulipotuacha, kundi letu la kushona na kusoma sheria nusura life. Ijumaa ya kwanza tulikuja watu tisa barazani kwako, kila mmoja na nguo yake ya kushona, tukakaa kama tulivyozoea. Hakuna aliyethubutu kuifungua Katiba. Ilikuwa pale pale juu ya kabati, ile ya Kiswahili, jalada umelishona kwa kitambaa cha kanga. Ijumaa ya pili tulikuja wanne. Ya tatu nilikuwa mimi na Mama Kadzo, yule jirani yetu wa mahamri na mbaazi, na yeye nadhani alikuja kwa kunionea huruma.

Nilikuwa nikijiambia, mimi ni Mkamba wa kuja, shule niliishia kidato cha pili, Kiswahili changu wenyeji wanakicheka. Nani atanisikiliza? Wewe ukiingia kituoni hata askari walikuwa wakikupisha kiti.

Unakumbuka tulivyojuana? Kaka yangu Mutinda alikuwa siku ya nne ndani, hajapelekwa kortini, hatujaambiwa kosa. Nilikuja kwako kuchukua sare ya mtoto, nikashindwa hata kusalimu. Ulikata uzi kwa meno, ukavaa buibui, ukasema, "Twende." Pale kaunta ya kituo cha polisi ulimfungulia askari ukurasa wa Katiba, ukaweka kidole kwenye kifungu cha arobaini na tisa, ukamwambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, hebu nisomee hapa, macho yangu yamechoka." Macho yako mazima kuliko yangu! Akasoma kwa sauti yake mwenyewe kwamba mtu akikamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa ishirini na nne kwisha. Asubuhi yake Mutinda alikuwa mbele ya hakimu, na mchana alikuwa nyumbani anakula.

Nilikuuliza njiani kama hukuogopa. Ukacheka. "Niliogopa sana. Lakini karatasi yataka kusomwa, mwanangu. Haitaki kuogopwa."

Basi, Ma, sikiliza yaliyotupata.

Jumanne moja asubuhi nilikuwa nafua. Nikasikia Mama Kadzo akiniita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia: "Mumbua! Njoo! Wamefika!" Nilitoka na povu mikononi. Tingatinga lilikuwa limesimama mdomoni mwa kichochoro, linanguruma mpaka vikombe vinagongana kabatini. Mbele yake mwanamume mmoja amevaa tai, ana karatasi mkononi, anasema yeye ndiye aliyenunua uwanja wenye nyumba zetu na watu wote watoke. Askari walikuwa watatu, mkubwa wao ni inspekta, mwanamke. Nyumba kumi na moja, Ma. Watu walikuwa wameshaanza kutoa magodoro. Mzee Charo, yule jirani yetu wa siku nyingi, alikuwa amekaa juu ya sanduku lake.

Sijui miguu ilinipelekaje. Nilijikuta nimesimama mbele ya lile dude na leso yangu imelowa. Nikasema, "Habari ya asubuhi, afande. Naomba kuiona amri ya mahakama."

Yule wa tai akaniuliza, "Wewe ni nani?"

"Mimi ni jirani."

"Amri iko ofisini."

Nikataka kurudi nyuma, wallahi, nisamehe kuapa kwa maneno yako. Lakini inspekta alimgeukia akamwambia, "Kama ni hiyo uliyonayo mkononi, mpe aione."

Akanipa. Ilikuwa ya Kiingereza. Nilisoma polepole kama mtoto wa darasa la kwanza, watu wamenizunguka, na kila mstari nikiueleza kwa Kiswahili ili Mzee Charo asikie. Nilipofika kwenye nambari ya ploti nikasimama. Nambari ya uwanja wetu naijua kwa moyo, kwa sababu wewe ulitukaririsha sote barazani, ukisema mtu ajue ardhi anayolalia inaitwaje. Ile haikuwa yetu. Ilikuwa ya uwanja mwingine kabisa! Nikasema hivyo. Tena nikauliza, ilani iko wapi? Sheria inataka watu waandikiwe miezi mitatu kabla. Nani hapa aliletewa barua? Watu wakajibu kwa pamoja, "Hakuna!"

Inspekta akaichukua ile karatasi. Akaisoma mara ya kwanza, akaisoma mara ya pili. Kisha akamwinulia dereva mkono: "Zima injini."

Ma, vigelegele vile! Tingatinga liliwashwa tena, lakini safari hii ni kugeuka, na kichochoro chenyewe unakijua kilivyo chembamba, lilihangaika hapo karibu nusu saa huku wanawake wanamwelekeza dereva, "Kata kulia, baba, kulia tena, usituvunjie choo!" Mama Kadzo akamfungia mahamri kwenye gazeti. Dereva akapokea, akasema ahsante.

Yule wa tai aliondoka akisema, "Mtaniona kortini."

"Tutakuona," nikamjibu. Kisha nikakaa chini palepale.

Ijumaa ile barazani kwako watu walijaa mpaka wengine wakakaa barabarani. Tulipata wakili wa kujitolea, mwanamke mtulivu sana, na mimi nikawa ninamkusanyia maelezo ya watu nyumba kwa nyumba. Kesi ilichukua miezi. Iliahirishwa, ikaahirishwa tena. Kuna siku tulifika Shanzu na nusu ya watu hawakuja, wamechoka, na mimi nilikuwa nimechoka kuwabembeleza. Siku ile nilikukasirikia, Ma. Nilikuuliza kwa nini umeniachia mzigo huu. Nisamehe.

Kisha likatokea jambo ambalo ungelipenda kuliko mimi. Wiki mbili kabla ya hukumu, wakili wetu alinialika kwenye mkutano hotelini hapo hapo Shanzu. Watu wa nchi nyingi wamekutana, na kazi yao ni hii hii yetu! Mimi nilidhani jambo hili ni la barazani kwako tu. Kulikuwa na mwanamke wa Nepal anayepanda milima kwa miguu kuwasaidia akina mama wapate vyeti vya uraia. Bwana mmoja wa Siera Leone ana pikipiki, anakwenda vijijini kuwasomea watu mikataba ya wachimba madini kabla hawajatia kidole. Mama wa Kolombia anawasaidia watu waliofukuzwa mashambani kwao warudi. Na kulikuwa na mmoja aliyeomba nchi yake isitajwe. Ofisi yao imefungwa, wenzake wawili wako ndani, na kule hakimu anaamka na hukumu iliyoandikwa na mtu mwingine. Nikafikiria zile safari zetu za kuahirishiwa kesi, nikaona haya kwa manung'uniko yangu. Sisi tuna mlango wa kugonga.

Nikaitwa niseme. Nikawaambia Kiingereza changu hakitoshi. Wakasema sema chako, wakalimani wapo. Basi nikasema kwa Kiswahili, Ma, na watu wa dunia nzima wamevaa vidude masikioni wananisikiliza mimi! Nikawaeleza habari zako: fundi cherehani wa Mtopanga, kila Ijumaa baada ya swala ya alasiri watu wanashona na kifungu kimoja cha sheria kinasomwa, Waislamu na Wakristo, wenyeji na wa kuja, mpaka kila mtu akielewe. Hakuna zaidi.

Yule wa Nepal alinifuata nje. Aliniomba nimwandikie jina lako, akalitamka vibaya, nikamrekebisha, akalirudia mpaka likakaa sawa. Akasema kijijini kwao wanawake hukaa pamoja wakifuma sufu, na yeye siku zote alikuwa akiwaita waache kufuma waje mkutanoni, nao hawaji. "Sasa nitawafuata na sheria kwenye sufu zao," akasema. Juzi amenitumia picha kwenye simu. Wanawake kumi na tano, wamekaa jua la asubuhi, mmoja anasoma. Nepal, Ma! Mimi hata kwenye ramani ilibidi mwanangu anionyeshe.

Na jana ndiyo hukumu. Siku ya ushahidi Mama Kadzo alikuwa amesema kwa Kigiriama, akiwa na mkalimani, kwamba kitovu chake kimezikwa uwanja ule na cha mamake pia. Hakimu alikuwa ameandika kila neno. Jana akasoma kwa Kiingereza: karatasi za yule bwana si za ardhi ile, kutaka kuwatoa watu namna ile kulikuwa kinyume cha sheria, wakaazi wasisumbuliwe. Mama Kadzo akanivuta leso. "Ati amesemaje?"

Nikamwambia, "Amesema ukapike mahamri."

Alilia, Ma. Mzee Charo akaanza kucheka, hawezi kuacha. Yule inspekta alikuwa nyuma ya ukumbi kwa kesi nyingine, akaniinamishia kichwa kidogo.

Yule bwana huenda akakata rufaa. Ni haki yake, wewe ndiye uliyetufundisha hilo, na akija atatukuta.

Salma anakwenda kukusomea dua kesho kaburini, nami nitamsindikiza, niombe kwa maneno ya kanisani kwangu. Mwenyezi Mungu akulaze pema, mwalimu wangu. Sitaliacha kundi tena, nakuahidi, hata tukibaki wawili. Jumatatu navuka feri kwenda Likoni, kina mama huko wametafuta baraza na wanataka kuanza kundi lao. Wameniambia nifike saa mbili, na chai itakuwepo. Nitafika saa moja.

Mwanao,
Mumbua