Saumu na Kufuli la Ubao wa Boti

Saumu, mwanangu,

Mamako amenikataza kukutumia tena ujumbe wa sauti. Anasema nusu yake ni mlio wa mashine na nusu nyingine ni mimi nikiwafokea wanaosindikiza wagonjwa wakae chini. Basi leo nimekaa dakani, kwenye baraza ya mlango wetu hapa Mkomani, mjini Amu, nimeweka miwani, nakuandikia kwa mkono. Na sitaifunga barua hii. Atakayetaka kuisoma kabla haijakufikia huko uliko kazini, na aisome. Niliyonayo kifuani si siri.

Nakumbuka uliporudi kutoka chuoni na kompyuta yako begani, ukakaa ukumbini ukanitazama ninavyohangaika. Mimi nilikuwa nahodha wa boti ya wagonjwa, kama nilivyo leo. Nesi wa Pate ananipigia, na wa Kizingitini ananipigia, nami mkono mmoja uko kwenye usukani. Ulinihurumia. Ukasema, "Baba, hawa wote wanauliza kitu kimoja: uko wapi. Acha nikufanyie ubao."

Ukaufanya. Mtu anaufungua kwenye simu yake, anaona kila boti iko wapi, zetu za wagonjwa na zile za abiria. Mimi nilipewa vitufe viwili tu, Nimeondoka na Nimefika. Manesi wakapewa chao cha kuomba boti. Watu wa Amu wakaupenda, ila walinung'unika kwamba unachelewa kufunguka. Siku ile nilikuja nyuma yako nikakuta umeshika tama mbele ya kompyuta.

"Kuna nini?"

"Njoo, Baba, kaa hapa," ukaniambia. "Kila simu inayofungua ubao, programu inaipa uzi wake wa kazi. Nyuzi ni nyingi, zinakwenda kwa pamoja, na zote zinataka ubao mmoja."

"Si wautazame tu? Kwani ubao unaisha?"

Ulicheka. Ukanieleza taratibu kwamba kutazama hakuna ubaya hata wakitazama mia. Ubaya ni mtu kusoma wakati mimi niko katikati ya kuandika, maana ataona jina la boti hii na mahali pa boti ile. Kwa hivyo uliweka kufuli, na kufuli lenyewe lilikuwa la kumwingiza mmoja mmoja, hata asiyetaka kubadilisha chochote. Ndipo foleni ikawa ndefu.

"Sasa naweka kufuli la kusoma na kuandika," ukasema. "Wasomaji wanaingia wote pamoja. Mwandishi anangoja watoke, anaingia peke yake, anaandika, anatoka."

"Na mwandishi ni nani?"

"Wewe, Baba. Wewe na manesi."

Nilijiona mkubwa. Mimi, ambaye hata risala ya harusi sijawahi kuandikiwa nisome, leo mwandishi! Na kweli ubao ukawa mwepesi. Bwana Athman, mwenyekiti wetu wa kikundi cha boti, akakusifu mbele ya watu, na mamako akaona haya kana kwamba anasifiwa yeye.

Halafu ikaja wiki ya Maulidi. Unaijua Amu inavyojaa. Wageni kila nyumba, na kila mgeni ana simu, na kila simu imefunguliwa kwenye ubao wako kutazama boti za kwenda Mokowe, upande wa bara. Asubuhi ile niliitwa Pate kumchukua mzee aliyevunjika nyonga. Nikabonyeza Nimeondoka. Ile alama ya kungoja ikazunguka, ikazunguka. Nikasema itakaa sawa yenyewe, nikaenda zangu.

Huko Kizingitini, Nesi Kemunto alikuwa na mama mwenye uchungu wa kujifungua, mtoto amekaa vibaya. Alifungua ubao akaona nimo Amu. Kulikuwa na boti ya abiria inayong'oa nanga, akaiachilia iende, kwa sababu ubao ulimwambia yangu ipo na ina vifaa. Akabonyeza kuomba boti. Nayo ikazunguka. Akanipigia, nami niko mahali pasipo mtandao. Ndipo akakupigia wewe.

Mamako ndiye aliyenisimulia ulivyokuwa. Umesimama wima katikati ya ukumbi, simu sikioni.

"Saumu," Nesi anasema, "boti inaonyesha iko Amu, na nimebonyeza mpaka kidole kimeuma. Huyu mama hawezi kungoja."

"Usiuamini ubao, Nesi," ukamjibu palepale. "Baba yuko Pate. Mtayarishe mgonjwa, natafuta boti nyingine."

Hukukimbilia kompyuta. Ulimpigia Bwana Shebwana, mnunuzi wa kamba wa Kizingitini, mwenye boti yenye mashine mbili. Akashusha makreti yake ya kamba gatini, akatandika godoro, akawahi kupita mlango wa bahari wa Mkanda kabla maji hayajakupwa. Yule mama, Bi Rukia, alifika hospitali akapasuliwa. Alhamdulillahi, yeye mzima na mtoto mzima.

Niliporudi nilikukuta umejiinamia. Nilidhani unalia. Kumbe unasoma mistari ya programu yako.

"Nimeiona, Baba," ukasema. "Wewe hukupata zamu."

"Zamu gani?"

"Kufuli langu linasema mwandishi aingie wakiisha wasomaji wote. Lakini leo hawakuisha. Kabla huyu hajatoka, yule ameshaingia. Wewe na Nesi mlikuwa mlangoni asubuhi nzima."

Kisha ukaniambia jambo la pili, ambalo hakuna mtu angelijua kama usingelisema. Ulikuwa umewaachia wasomaji washike kufuli hata wakati ukurasa unasafiri kwenda kwenye simu zao, na mtandao wetu unaujua unavyojikokota. Kwa hivyo kila mmoja alikaa ndani muda mrefu kuliko haja yake.

Jioni ya pili kikundi kilikutana. Ukumbi ulijaa. Mmoja akalaumu kampuni ya simu, mwingine akawalaumu wageni. Mtu wa tatu akasema manesi wa bara hawajui kubonyeza, na hapo Nesi Kemunto, aliyekuja makusudi, akaanza kuinuka. Wewe ukainuka kabla yake. Ulikuwa msichana peke yako upande ule wa wanaume.

"Nesi amefanya kila kitu sawa," ukasema. "Mtandao haukukatika. Wageni hawana kosa. Hitilafu ni yangu, na ninajua iko wapi."

Bwana Athman akatazama chini. "Mwanangu, mimi naona tuuzime huo ubao. Turudi kupigiana simu."

"Uzimeni leo, ni haki yenu," ukamjibu. "Lakini Ijumaa baada ya sala, njooni ufukoni na simu zenu. Mkishindwa kuukwamisha, tuurudishe."

Saumu, nimekuwa baharini tangu sijaota ndevu. Nimeona wanaume wazima wakipiga boti mwamba kisha wakaulaumu mwamba. Siku ile nilikaa mwisho wa ukumbi, nimevuta kofia usoni. Watu walidhani nimeona aibu. Ilikuwa fahari, mwanangu, fahari tupu.

Ijumaa ulitukusanya mbele ya gati. Nilikuwa botini, na wewe umesimama juu ya ukuta na kanga yako inapepea. Ukawaeleza watu kwa sauti, na nilivyokusikia ndivyo ninavyowaeleza wengine mpaka leo: mwandishi akishapiga hodi, msomaji mpya haingii. Waliomo ndani wanamaliza, wanatoka. Mwandishi anaingia, anaandika, anatoka, ndipo wasomaji wanafunguliwa tena wote kwa pamoja. Na kila msomaji ananakili anachotaka haraka na kuachia kufuli, ukurasa usafiri yeye akiwa ameshatoka.

"Sasa fungueni!" ukapaza sauti. "Msiache! Mkimaliza fungueni tena!"

Gati zima likainamia simu. Vijana walikuwa wakishindana, wamedhamiria kukuaibisha. Na Nesi Kemunto alikuwa kwenye simu yako kutoka Kizingitini, sauti umeifungua watu wote wasikie. Ukanipungia mkono. Nikabonyeza Nimeondoka.

Sikuwahi hata kuona alama ikizunguka.

"Imebadilika!" Nesi akapiga kelele. "Huku inasema ameondoka!"

Uliniambia baadaye kwamba hiyo haikutosha, kwamba ulikuwa umeijaribu kwanza kwenye kompyuta kwa wasomaji wa kubuni wengi kuliko watu wote wa kisiwani. Mimi yalinitosha ya gatini. Bwana Athman alivua kofia, akajipangusa uso, akaivaa tena. "Warudishieni watu ubao wao," akasema, na wanawake waliokuwa kwenye madirisha ya juu wakakupigia vigelegele.

Sasa hupo. Waliokuajiri walikuuliza umewahi kufanya nini, ukawasimulia habari ya Amu, pamoja na ile siku mbaya. Uliponieleza hivyo kwenye simu, mamako aliniuliza kwa nini umewaambia ubaya wako. Nikamwambia ndiyo sababu wamekuchukua. Sijui kama ni kweli. Naamini hivyo.

Nyumba imekuwa kubwa mno. Mamako bado anapika wali wa watu watatu, halafu anapeleka kwa jirani. Ukipiga simu anajidai ana shughuli ili nizungumze mimi kwanza, kisha anakaa pembeni kusikiliza. Tunakukosa, lakini sikuiti urudi. Fanya kazi yako. Nasikia huko makufuli ni makubwa zaidi na wanaongoja mlangoni ni wengi. Uwaangalie wasikose zamu.

Nikueleze la mwisho, nimalize kabla ya adhuhuri. Juzi nilifunga boti Kizingitini kupeleka dawa. Nimekwenda pale miaka mingi, na siku zote naitwa Nahodha. Bi Rukia alikuwa gatini na mwanawe kiunoni, akiongea na mama mmoja mgeni. Yule mgeni akauliza mimi ni nani. Bi Rukia hakunitaja kwa jina wala kwa kazi. Akasema, "Humjui? Huyu ndiye babake Saumu."

Niliitika, mwanangu. Nikaitika kwa sauti, hata watu wa boti ya pili wakageuka.

Mola akuhifadhi ulipo, akupe afya na akili ileile.

Ni mimi,
Babake Saumu