Nambari Ishirini na Tisa

Ijumaa. Upepo umeleta vumbi la ziwa lililokauka hadi juu ya meza yangu, nami sijalifuta. Nimefurahi, na furaha yangu si ya Kikristo.

Mwezi uliopita Mkuu wa shule yetu alimchapa Nyokabi mbele ya darasa langu. Nyokabi ni mmoja wa wasichana wanaolala chini ya meza za soko tangu mama zao walipochukuliwa na askari kwa malori. Kosa lake lilikuwa kusimama dirishani kwangu na kuandika imla kwa mkaa juu ya mfuko wa saruji. Mkuu alisema kwamba watoto wa sokoni huleta chawa, si akili.

Mimi, mwenye mvi, nilinyamaza.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta njia ya kumlipiza Mkuu. Nimeipata katika sheria yake mwenyewe. Karatasi za mtihani wa imla hubeba nambari, si majina, ili mwalimu asimpendelee mtoto wa ndugu yake. Mkuu husahihisha, hutia sahihi, na mshindi hupewa nafasi iliyobaki katika darasa la nne.

Jumatano alipokwenda kikao cha kanisa, nilimketisha Nyokabi benchi la nyuma nikampa nambari ishirini na tisa. Nilisoma maneno arobaini. Sikumsaidia hata kwa jicho.

Leo, mbele ya wazazi na wazee wa kanisa, Mkuu aliisifu karatasi isiyo na kosa hata moja, kisha akamwita mwenye nambari ishirini na tisa ajitokeze. Nyokabi akaingia, miguu mitupu, gauni la gunia.

"Mwalimu, huyu umemtoa wapi?"

"Dirishani, Bwana Mkuu. Sahihi ni yako."

Mzee mmoja wa kanisa alicheka, kisha benchi zima. Mzee huyo akasema sheria ni sheria, na jina likaandikwa. Nilimtazama Mkuu mpaka jasho likamtoka shingoni.

Ninakiri kwamba sikumtazama mtoto. Ilibidi anivute koti.

"Mwalimu, hilo darasa la nne hupewa uji?"

Nilimpa nambari ile kwa ajili yake, au nilimtumia kama fimbo yangu?

Sijui. Amekula kwetu, na mke wangu anampimia gauni. Najua Mkuu atazitumia siku hizi mbili kabla ya Jumatatu kutafuta sheria ya kumtoa. Mimi nitazitumia kumfundisha maneno ya darasa la tano.