Dawa za Gati Hazina Lebo

Jumatatu, 3 Machi 2025

Siku ya sita tangu turudi kutoka hospitali Mugumu. Upande wa kulia wa mke wangu bado umelala – mkono, mguu, nusu ya mdomo. Daktari alisema kiharusi. Alisema mazoezi, alisema uvumilivu. Hakusema nyumba itakuwa kimya hivi!

Gati wangu amebakiwa na neno moja tu. Kesho. Akitaka maji, kesho. Akitaka kugeuzwa, kesho. Asubuhi mbuzi waliingia kwenye mihogo, akapiga kelele kesho, kesho! mpaka nikatoka mbio. Kwa hiyo akili ipo. Maneno ndiyo yamepotea.

Mtoto wetu Elieth amepiga simu kutoka Geita. Nikamwekea mama yake simu sikioni. Wakasikilizana pumzi, basi.

Naandika kwenye daftari la maandalio ya masomo nililobaki nalo nilipostaafu. Jioni sina wa kuongea naye. Miaka thelathini na nne ya ndoa nilidhani mwongeaji humu ndani ni mimi. Kumbe.

Alhamisi, 6 Machi

Watu wa dawa wameanza kuja tena. Leo Mogesi, yule mjane wa bondeni, na tumbo lake la siku zote. Shikamoo mwalimu, nimefuata ile dawa ya Mama Elieth. Nikamweleza hali. Akaingia, akamshika Gati mkono, akalia kidogo. Alipotoka akasema si unipe wewe. Nikasema siijui.

"Miaka yote hii mko nyumba moja, mwalimu, na huijui?"

Wagonjwa wa Gati waliingilia uani. Mimi ndiye niliyetaka hivyo. Mwalimu, tena mzee wa kanisa – watu wa mizizi wasionekane mbele ya nyumba yangu! Yeye hakubisha. Alihamisha vikapu vyake nyuma, akaendelea.

Jumamosi, 8 Machi

Sabato. Kanisani wamemwombea vizuri. Baadaye mzee mwenzangu akanivuta pembeni, akasema huenda Bwana amempumzisha na hiyo mizizi. Zamani ningeitikia. Leo nimechukua Biblia yangu nikaondoka.

Mvua mchana kutwa. Hakuna aliyepita.

Jumanne, 11 Machi

Nimefungua stoo yake. Sijawahi kuingia mwenyewe, naapa. Vikapu kumi na viwili. Magome, mizizi, majani makavu yamefungwa kwa kamba ya katani. Hakuna hata lebo moja! Yote kahawia, yote vijiti. Mimi niliyekuwa naandika majina ya watoto hadi kwenye fagio.

Kivumbasi nimekijua kwa harufu. Shubiri nayo. Mwisho wa elimu yangu.

Kuna gome moja nikalitia mdomoni, nitafune nione. Likaanza na uchungu, halafu ulimi ukawaka, halafu ukafa ganzi kabisa. Nikatoka nje natema kama kondoo aliyelishwa tumbaku. Gati alikuwa amekaa kwenye kiti chake anaona. Akacheka! Nusu ya uso tu, lakini kicheko chenyewe ni kile kile. Kisha akakohoa kwa makusudi, kho kho, akanigonga kifuani.

Dawa ya kikohozi. Ni mjafari. Miaka yote nimepita chini ya mti huo wenye miiba minene shinani nikienda kufundisha.

Ijumaa, 14 Machi

Tumeanza darasa. Mwalimu ni yeye.

Ninamwekea kifungu mapajani. Anakinusa. Halafu mkono wa kushoto unaonyesha – tumbo, kifua, kichwa, kifundo cha mguu. Mimi naandika kwenye karatasi, nabandika kwa selotepu. TUMBO. KIKOHOZI. UVIMBE. Kifungu kimoja alikitupa chini, nikasema kimeoza? Akakasirika. Akamvuta mbuzi sikio. Ooo – dawa ya mifugo!

Tumefika saba. Alichoka, akalala na kijiti mkononi. Nikabaki nimekaa pale. Nilikumbuka kwamba aliwahi kuniomba, mwaka ule Elieth alipoanza shule, nimwandikie dawa zake kwenye daftari. Yeye hakusoma zaidi ya darasa la pili. Nikamwambia nina mitihani ya kusahihisha.

Jumatano, 19 Machi

Filemoni wa bodaboda, niliyemfundisha darasa la nne, ametupeleka hadi karibu na mpaka wa hifadhi, upande wetu. Gati katikati, mimi nyuma nimemshika. Watu wa Machochwe walisimama kututazama kama harusi inapita.

Alikuwa ananyoosha kidole, pale, pale. Tukafika kwenye mti. Nikatoa panga nikakata gome kipande kizuri kirefu. Akanipiga kofi mkononi! Akaonyesha kwa vidole – kidogo tu, kiasi cha kiganja. Halafu akataka tope. Filemoni akachota, Gati akapaka lile jeraha la mti taratibu mpaka likafunikwa lote. Pembeni nikaona makovu mengine, ya zamani, yamepona. Hesabu yake ya miaka ipo kwenye mti ule, mimi sikuwahi kuisoma.

Filemoni akauliza mwalimu, unalia? Nikasema vumbi. Na ardhi yote imelowa.

Jumapili, 23 Machi

Mogesi amepona tumbo! Nilimpa juzi, Gati akiwa amekaa pale anatikisa kichwa kukubali. Leo ameleta kuku. Njiani watu wawili wameniita mganga. Nilijidai kukasirika. Moyoni nilifurahi, nakiri. Muda mrefu sana hakuna mtu aliyehitaji kitu kwangu.

Jumanne, 25 Machi

Saa nane mchana. Nimempigia Filemoni, yuko njiani. Naandika nikimsubiri.

Asubuhi alikuja Marwa, jirani wa ng'ambo ya korongo. Mke wake, Bhoke, ana mimba ya miezi saba. Miguu imevimba, kichwa kinamuuma tangu jana, anaona nyota machoni. Kliniki yake ni Ijumaa. Akasema kwa sasa mwalimu tusaidie na cha uvimbe.

Gati alikuwa amelala. Kifungu kilikuwa pale, mwandiko wangu mzuri – UVIMBE. Nikampa. Nikamwelekeza na namna ya kuchemsha! Dalili zile zile nimewafundisha watoto miaka mingapi, nimeziandika ubaoni kwa chaki nyekundu: mjamzito akiwa na hizi, hospitali siku hiyo hiyo. Nilizisikia zote kwa Marwa na sikuzisikia.

Gati alipoamka nikamsimulia, tena kwa majivuno. Nilipotaja mke wa Marwa akafumbua macho. Akachora tumbo kubwa hewani. Nikasema ndiyo, huyo huyo. Akanipiga kifuani kwa ngumi. Akapiga tena. Akaelekeza mkono barabarani, anapiga kelele mpaka mate yanamtoka.

Netiwaki ilikataa mara tatu. Marwa alipopokea akasema ameshakunywa kikombe kimoja, saa nne. Nikamwambia mtoe sasa hivi, usisubiri nguo. Filemoni akawabeba hadi zahanati.

Kisha nesi akanipigia kwa simu ya Marwa. Presha iko juu mno, gari la wagonjwa limefika, wanakimbia naye Mugumu. Mwalimu, amekunywa nini? Nikasema gome. Gome la nini? Nikasema la kahawia.

"Jina, mwalimu. Kule wataniuliza jina."

Nimekaa mbele ya Gati na kipande kilichobaki. Nimetaja kila mti ninaoujua, kwa Kiswahili, kwa Kikurya. Kumi na saba. Kila mmoja anatikisa kichwa, hapana. Analo jina. Naliona kabisa limekaa nyuma ya macho yake, mdomo unajikunja, halitoki. Kwa mara ya kwanza tangu augue amelia, na mimi nikamwambia samahani, Mama Elieth. Samahani ya leo, na ya ile mitihani ya kusahihisha.

Nikasema nitampa Filemoni kipande hiki akipeleke, madaktari wa huko watakiona wenyewe. Akaninyang'anya. Amekifunga kwenye pindo la kanga yake. Akagonga kifua chake – nakipeleka mimi.

Nimemwambia barabara ni tope tupu. Nimemwambia saa nzima kwenye pikipiki hataweza, ataanguka, nitabaki na nani. Hanisikilizi. Amejivuta kwa makalio mpaka kizingitini. Kiatu kimoja amekivaa mwenyewe, kwa mkono mmoja, sijui saa ngapi. Cha pili amekinyoosha kwangu, ananitazama.

Honi hiyo, Filemoni anapanda kilima. Nitamkalisha katikati. Natafuta kanga nyingine, pana, ya kumfunga na mimi pamoja –