Chupa ya Kumi na Nne

Yusta, kifuniko cha sufuria kinagongagonga juu ya mkaa gizani, umeme umekatika, nami bado nina hasira.

Yule Dokta Melkizedek! Leo kwenye mkutano wa Mikumi kawaambia kina mama wa Mvumi maziwa yao yana protini ngeni, waache kunyonyesha. Waache! Mmoja wao, Regina, akamtoa mtoto titini palepale.

Kachukua mtandaoni data zetu za chupa za maziwa ya mama tulizopima. Sawa, ziko wazi kwa wote. Ila maelezo yaliyoambatana nazo hakusoma!

Nikasimama: "Shikamoo dokta. Chupa ya kumi na nne ni maziwa ya mbuzi, ya kujaribia mashine ya kupimia. Maelezo niliandika mimi."

Akacheka: "Wewe wa masomo ya jioni?"

Wa jioni tunasoma mpaka mwisho, bwana!

Ndipo binti yangu Joyce akasema kwa sauti: "Mbuzi tulimkamua mimi na mama."